Kumngoja Kobe

Mimi si mwepesi wa kushukuru. Nimeshona nguo za watu kwa miaka mingi, na kazi hiyo inakufundisha kwamba anayekusifu sana wakati wa kupimwa ndiye atakayerudi kesho na kasoro kumi. Lakini yuko mtu mmoja ambaye kila nikimwona akivuka ua wetu kwa miguu yake miwili, mmoja mzima na mwingine wa kubembelezwa, moyo wangu unasema asante kabla mdomo haujapata la kutania. Mtu huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Wenzake kazini walimwita Kobe, na mimi nikalidaka jina hilo siku ile ile nilipolisikia, maana shemeji asiye na utani ni mgeni tu.

Kobe alikuwa dereva wa lori la magogo. Alianza kama mpakiaji, akiyasukuma magogo kwa mtaimbo, kisha akawa utingo, msaidizi wa dereva, kisha akashika usukani wa lori la Mama Mbao, mwanamke aliyeanza biashara na gari moja bovu akaishia kuwa na magari manne yasiyo mabovu sana. Kazi yenyewe ilikuwa kutoa magogo ya misonobari msituni na kuyashusha kwenye yadi ya kiwanda cha mbao. Ukimwuliza mtu asiyeijua, atakwambia kazi ngumu ni barabara, yale makorongo na utelezi. Kobe alikuwa akisema barabara ni rafiki, kwa sababu dereva anaiogopa. Hatari iko pale gari limesimama, injini imezimwa, na kila mtu anadhani safari imekwisha.

Ndiyo maana alikuwa mzito wa kuondoka na mzito wa kushusha. Kabla ya safari alilizunguka gari, akigonga kila mnyororo kwa mpini wa nyundo na kusikiliza, ndipo apande. Akifika yadi alilizunguka tena. Minyororo ndiyo inayoushika mzigo, na magogo yakitikiswa njiani hujipanga upya yakitafuta pa kutokea. Kwa hiyo kanuni yake ilikuwa moja: mnyororo haufunguliwi mpaka mashine ya kushushia ije, iyakumbatie magogo kwa makucha yake, na mtu awe amesimama upande wa salama. Mashine ikichelewa, Kobe anakaa kwenye kivuli cha gari na kumenya chungwa.

Tabia hiyo aliileta hadi nyumbani. Siku ya harusi yake, akiwa ndani ya suti, alichuchumaa kukagua tairi za gari la kukodi huku dada yangu akimngoja na shela lake. Ngazi ya nyumbani aliifunga kamba hata ilipokuwa imelala chini. Nilipohamia kwao na cherehani yangu, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kipande cha ubao kuziba mkanda wa gurudumu, eti gauni la mteja lisije likanaswa. Nilimwambia, shemeji, hata mende wa nyumba hii wanavuka chumba kwa tahadhari. Akacheka, akaongeza msumari.

Mama Mbao alimpenda kwa hilo. Kila dereva mpya alipoajiriwa alipelekwa kwa Kobe kwanza, amtazame anavyofanya. Ila huyo mama alikuwa na ugomvi mmoja usiokwisha, nao ni bima ya wafanyakazi. Kila mwaka alipoilipa aliwakusanya watu wake na kulalamika kwamba analisha kuku asiyetaga. Wenzake wenye malori walimcheka. Wao hawakulipa. Lakini yeye baba yake alikuwa mkata miti, alirudi nyumbani bila mkono na hakuna aliyemfidia hata kwa pole. Kwa hiyo alilalamika, akalipa.

Siku ya nyani kufa miti yote huteleza, na siku ya Kobe ilikuwa ya mawingu mazito mchana. Malori yalipanga foleni ndani ya yadi, lake likiwa mbele. Mashine ya kushushia ilikuwa upande wa pili ikihamisha nguzo, na mvua ilikuwa inanukia. Madereva wa nyuma wakaanza honi. Mmoja akapaza sauti kwamba magogo yataota mizizi. Mwingine akauliza kama Kobe anangoja kuvishwa shela. Walikuwa wenzake, walimtania hivyo kila wiki, na kila wiki maneno hayo yalimpita. Siku ile hayakumpita. Mpaka leo nikimwuliza kwa nini, anasema hajui, labda yalikuwa yamejaa.

Aliinuka, akaacha chungwa lake, akafungua mnyororo kabla mashine haijashika mzigo.

Gari lilikuwa limesimama penye mteremko kidogo. Gogo la juu likageuka kama mtu anayejigeuza kitandani, likaruka vigingi vya pembeni na kumshukia mguu wa kulia. Utingo wake, mtu mzima aliyekuwa naye kwenye gari lile tangu nywele zao zote zilipokuwa nyeusi, aliingia chini ya magogo mengine yaliyokuwa yakiyumba na kumvuta nje. Hakufikiri, alisema baadaye, kwa sababu angefikiri asingeingia. Huyo ni mtu wa kwanza ninayemshukuru, hata nikimkasirikia kwa yaliyofuata.

Yaliyofuata yalifanyika kwenye kibaraza cha hospitali, Kobe akiwa hajitambui. Madereva waliopiga honi walikuwa pale wote, wamekaa kwenye benchi vichwa chini. Kwenye lango la yadi kulikuwa na kibao kilichosema kwamba anayevunja kanuni za usalama abebe mzigo wake mwenyewe. Kiliandikwa na fundi rangi kwa maagizo ya meneja wa kiwanda, kuwatisha watu. Wao walikisoma kama sheria ya bima. Wakajiambia: Kobe amevunja kanuni, na sisi ndio tuliomsukuma, bima ikijua haitatoa kitu, na jina lake litachafuka. Basi wakatunga. Wakasema kazi ilikuwa imekwisha, Kobe alitoka nje ya lango kwenda kununua chai ng'ambo ya barabara, na gogo kutoka rundo la kando ya njia likamporomokea. Rundo lenyewe lilikuwepo kweli. Wakaapizana wote, utingo akiwa mbele yao.

Na uongo huo ulisimama imara kwa sababu moja ya kuumiza. Nani angeamini kwamba Kobe alifungua mnyororo mapema? Mama Mbao alikuwa safarini, aliporudi akaambiwa, akaamini, akapeleka taarifa kwenye bima kama alivyoambiwa. Dada yangu aliamini. Mimi niliyezaliwa na shaka mdomoni niliamini pia.

Jibu la bima likaja: pole sana, lakini mtu huyu hakuwa kazini.

Siku hiyo hiyo daktari alituita pembeni. Alituambia kwamba mguu umepona juu juu tu, ndani mfupa haujashika. Unahitaji upasuaji wa pili katika hospitali kubwa, uwekewe vyuma, na usicheleweshwe. La sivyo ataukata chini ya goti. Dada yangu alikaa kwenye ngazi za hospitali akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba tuuze nyumba. Nyumba ile Kobe aliijenga kwa mabanzi ya kiwandani, ubao mmoja mmoja, mpaka leo ikipigwa na jua inanukia utomvu. Nilimwambia tungoje, kwanza niende nikagombane.

Nilikwenda ofisi ya bima na futi yangu ya kupimia ikiwa bado shingoni, sikukumbuka kuivua. Ilikuwa chumba kidogo cha juu, chenye feni inayolalamika na viti vya plastiki. Nilimtarajia bwana mnene mwenye miwani. Nikamkuta dada mmoja mwembamba mwenye mafua, amezungukwa na karatasi. Nilimpa maneno yangu yote. Nilimwita vile ambavyo sitavirudia hapa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akapenga kamasi, akaniambia niketi.

"Dada yangu, mimi natafuta sababu ya kumlipa," alisema. "Nipe hiyo sababu. Mmemweka ng'ambo ya barabara, kazi imekwisha, anakwenda kunywa chai. Angekuwa ndani ya lango, kwenye kazi yake, leo nisingekuwa nabishana na wewe."

Kwa hasira tu nikamwuliza, na kama angekuwa ndani lakini amefanya upumbavu? Alicheka mpaka akakohoa. Alisema kama bima yao ingelipa wasiokosea peke yao, ofisi ingefungwa kabla ya mchana. Aliyelewa kazini, au aliyejiumiza kwa makusudi, hayo ni mengine. Mengine yote, swali lake ni moja: ulikuwa kazini?

Niliondoka nimenuna. Nikaenda moja kwa moja wodini, nikasimulia habari hiyo kando ya kitanda kama mtu anayesimulia dharau. Dada yangu alikuwa anakunja shuka. Utingo alikuwa amekaa anamlisha Kobe uji. Nilipofika kwenye maneno ya lile swali moja, kijiko kilibaki hewani. Utingo alikiweka chini, akaweka na bakuli. Kobe alifumba macho. Mimi mshonaji, naijua sura ya mtu aliyeharibu kitambaa cha mwenyewe akakificha. Nikauliza kuna nini.

Utingo ndiye aliyeanza, na alianza kwa kumwomba mwenzake asiseme. Wote walikwisha kuapa mbele ya Mama Mbao. Wataitwa waongo, watafukuzwa, labda watashtakiwa. Na jina lako, kaka, alimwuliza, jina lako litakwenda wapi? Dada yangu akasimama na shuka lake mkononi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Baba watoto, mimi nilikubali kuolewa na mtu, sikuolewa na jina. Kama kuna neno, litoe, mguu ungali mwilini."

Kobe alifumbua macho. Kisha akaniambia niwaite Mama Mbao na yule dada wa bima.

Walikuja kesho yake. Mama Mbao alikaa kwenye kiti pekee, dada wa bima akasimama na leso yake. Nyuma ya mlango walijazana madereva, maana habari wodini haina mlinzi. Kobe aliomba ainuliwe, akaegemezwa mito. Nimemsikia mtu huyu akizungumza maisha yangu yote ya utu uzima, na sijawahi kumsikia akizungumza kama siku ile.

"Nilikuwa ndani ya yadi, na nilikuwa kazini," alisema. "Nilifungua mnyororo kabla mashine haijashika. Hakuna aliyenituma, mikono ilikuwa yangu. Hawa wamesema uongo kunisitiri, na mimi nilipopata fahamu nikauacha. Niliupenda ule uongo. Nilitaka niendelee kuwa Kobe kuliko nilivyoutaka mguu."

Mama Mbao alimtazama, kisha akatazama dirisha. "Kwa hiyo hata wewe," alisema. Naamini maneno hayo yalimwuma Kobe kuliko gogo. Nilitamani kumfokea yule mama. Nilipomwona anafuta macho kwa kiganja, nikameza.

Dada wa bima alituambia kweli bila kuipaka sukari. Taarifa ya kwanza ilikuwa ya uongo, na wakubwa wake wana haki ya kuikataa na ya pili. Atakwenda yadi mwenyewe. Akaenda, na viatu vyake vya ofisini, kwenye matope. Alimhoji mwendesha mashine, akamhoji mlinzi wa lango aliyemwona Kobe akibebwa kutoka ndani na hakuna aliyewahi kumwuliza. Alipiga picha vigingi vilivyopinda. Na Mama Mbao, ambaye tulidhani amenuna moja kwa moja, aliwapakia madereva wake wote kwenye lori moja akawapeleka ofisi ya bima, kila mmoja aeleze alichokiona kwa mdomo wake, pamoja na honi. Kabla hawajapanda ngazi aliwaambia kwamba mapenzi yao yalikuwa yanamkata mwenzao mguu. Hakumfukuza hata mmoja.

Tulingoja. Sitasema tulingojaje. Niliharibu mikono ya magauni mawili na nikamkemea mteja aliyeniuliza hali.

Bima ikakubali. Wakalipa upasuaji, wakalipa hospitali kubwa, na muda wote Kobe alipokuwa amelala nyumba yetu iliendelea kula kutokana na sehemu ya mshahara wake iliyoletwa na bima hiyo hiyo. Dada wa bima ndiye aliyepiga simu. Mimi ndiye niliyepokea, na mdomo wangu ambao hauna mlango ulifungwa, nikalia tu, mpaka akadhani simu imekatika. Baadaye nilimpelekea gauni nililolishona bila kumpima, kwa kukisia. Lilimkaa. Na yale niliyomwita siku ya kwanza, tumekubaliana hayakusemwa.

Kwa Mama Mbao alikwenda dada yangu mwenyewe, na kuku chini ya kwapa. Alimkabidhi mlangoni akasema, "Huyu anataga, mama." Yule mama alicheka mpaka akashika mlango, kisha wakalia pamoja, na kuku akatoroka, wakamfukuza ua mzima. Sijamsikia tena akiilalamikia bima. Sasa anaishambulia kodi.

Kobe hawezi tena kuendesha lori. Mguu upo, unatembea, lakini haukubali kukanyaga klachi kutwa. Alipopona aliogopa kitu kimoja, aliniambia mimi kwa sababu kwa dada yangu angeona haya: kurudi yadi na kuonwa na wale watu. Mama Mbao alimfuata nyumbani akiwa na filimbi. Kiwanda na wenye malori walikuwa wamekubaliana kumweka mtu mmoja wa kusimamia ushushaji, na hakuna mnyororo utakaofunguliwa mpaka apulize. Alimwambia anamtaka mtu anayejua mnyororo ukifunguliwa mapema unalia vipi. Akakubali. Kila dereva mpya akija, humwonyesha mguu kwanza, kisha humsimulia mwenyewe, bila kuruka honi wala chungwa. Siku ya kwanza alipopuliza filimbi, foleni nzima ilikuwa imezima injini. Utingo wake, siku hizi dereva, alikuwa wa mbele. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, anamenya chungwa.

Hapo ningeweza kuishia, maana mshonaji hukata uzi penye mwisho wa mshono. Lakini kuna la juzi.

Tulisafiri na Kobe kwenda mji mwingine, mbali, kumtazama binti yake wa kwanza aliyejifungua. Yeye akataka kumtengenezea mjukuu kitanda, kwa hiyo tukaingia kwenye yadi ya mbao ya huko, ambako hakuna anayetujua. Lori la magogo lilikuwa limesimama katikati. Kobe akamsahau mjukuu. Akaanza kulizunguka, fimbo mkononi, macho kwenye minyororo, akiinama na kugonga. Dereva kijana mwenye ndevu akamkimbilia.

"Mzee wangu, samahani, rudi nyuma ya mstari," alisema kwa heshima. "Hapa hatugusi mzigo, bado tunamngoja Kobe."

Nilimtazama shemeji yangu. Alikuwa amesimama wima kabisa.

"Kobe ni nani?" aliuliza.

Kijana alijikuna kichwa. Alisema hajui hasa. Ni maneno ya kazi, kila yadi wanasema hivyo, maana yake mashine haijashika bado. Aliyemfundisha kazi alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha huyo vile vile. "Sidhani kama aliwahi kuwa mtu," alisema.

Mdomo wangu ulikwisha kufunguka. Nilikuwa na maneno ya kumjaza kijana yule mpaka jioni. Kobe akanishika mkono, akanibana kidogo. Akamwambia kijana asante, mwanangu. Kisha akarudi nyuma ya mstari kama alivyoambiwa, akaegemea fimbo yake, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta, akasimama pamoja nasi wote kumngoja Kobe.